Mstari Nilioukata

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi ambayo wakulima wa chai hupewa bure. Ilikuwa karatasi moja iliyokunjwa katikati ikawa kurasa nne ndogo, na ilitoka kila mwezi katika kituo cha utafiti nje kidogo ya mji wa Kericho. Watafiti waliandika kwa Kiingereza mambo waliyoyaona katika mashamba yao ya majaribio: mbolea itiwe lini, chai ipogolewe vipi, mche gani unastahimili baridi ya barafu. Mimi niliyatia katika Kiswahili, nikayapunguza yaenee, nikayapeleka kwa mpiga chapa. Kutoka hapo madereva wa malori ya majani walibeba mafurushi na kuyaacha kwenye senta, yale mabanda ambako wakulima hupima majani yao, kuanzia upande wa Kapsoit hadi chini kule Kaplong.

Mimi mwenyewe sikuwa na shamba. Nilizaliwa katika nyumba za lain, zile safu za nyumba za wafanyakazi katikati ya chai ya kampuni. Wazazi wangu walikuja kutoka upande wa ziwa kabla sijazaliwa. Baba alichochea moto wa boila kiwandani. Mama alichuna chai mpaka vidole vyake vikashika weusi ambao hakuna sabuni iliyoutoa. Kwa hiyo nilikulia ndani ya chai, lakini chai ya wenyewe, na nilipopewa kazi ya kuwaandikia watu wenye mashamba yao niliona fahari na woga kwa pamoja. Fahari niliionyesha. Woga niliuficha, na kwa sababu niliuficha, nikawa mtu asiyeuliza maswali.

Mmoja wa watafiti alishughulika na magonjwa ya mizizi. Alikuwa Mkipsigis wa huko karibu na Kaplong, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache, na sote tulimwita Daktari. Siku moja aliniletea kurasa nne zilizopigwa chapa kuhusu kuvu inayoishi katika mizizi ya miti mikubwa. Mti ukikatwa, alieleza, kuvu hiyo haifi. Hubaki chini katika mizizi, ikila chakula ambacho mti ulikuwa umekiweka akiba, na ukipanda chai hapo, baada ya miaka michache huanza kuua mche mmoja baada ya mwingine. Wakati huo wakulima wengi walikuwa wakiongeza chai, wakikata miti kwenye vipembe vya mashamba yao. Daktari alitaka waambiwe mapema.

Katikati ya maelezo yake palikuwa na sentensi moja ndefu. Ilisema kwamba kabla ya kuukata mti, mkulima auchune gome kuzunguka shina lote, ukanda mpana kama kiganja, kisha auache ukauke polepole ukiwa umesimama, mwaka au zaidi, mpaka mizizi imalize chakula chake. Hapo ndipo aukate na kuung'oa. Sikuwahi kuona mti uliofanyiwa hivyo. Niliandika "menya mti", nikaona kama naongea habari za chungwa. Niliandika "toa ngozi ya mti", nikajicheka mwenyewe. Nikafuta. Daktari alikuwa amesafiri kwenda Nairobi. Simu yake nilikuwa nayo, ningempigia, lakini niliona haya kumwuliza mtu mwenye shahada zote zile neno la Kiswahili, tena mimi niliyeajiriwa kwa ajili ya Kiswahili.

Jioni ya Ijumaa mpiga chapa akapiga simu. "Maandishi yako yamezidi mistari mitatu. Nitoe picha ama utatoa maneno?"

"Wacha picha," nikamwambia. "Nitatoa maneno."

Nikautoa ule mstari wa gome. Kilichobaki kilisomeka vizuri, chepesi, bila kigugumizi: "Kata miti yote ya zamani, ng'oa visiki, kisha panda chai yako." Daktari aliporudi Jumatatu nilimpelekea nakala. Aliangalia picha, akaangalia kichwa cha habari, akatia saini. Aliniamini.

Miaka minne ikapita. Sikuikumbuka karatasi hiyo hata mara moja.

Kisha asubuhi moja simu ya ofisini ililia, nami nikaishika. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee.

"Ni nyinyi watu wa karatasi ya majani?"

"Ndiyo, mama."

"Chai yangu inakufa. Haikufi yote. Inakufa katikati, inaenda ikiongezeka. Kujeni muone."

Alikuwa wa huku Bureti, si mbali na Kapkatet. Daktari alichukua pikapu ya kituo, nami nikaenda naye kupiga picha, maana picha za ugonjwa zilikuwa adimu na nilizihitaji kwa karatasi. Nakumbuka nilifurahi kutoka ofisini siku hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, chai ilikuwa inang'aa pande zote mbili za barabara.

Tulimkuta akitungoja mlangoni pa boma lake, amejifunga kitambaa kichwani na kuvaa gambuti. Alikuwa mjane. Wanawe walikuwa wameondoka, kila mmoja na kazi yake mji wake, na yeye alibaki na ng'ombe wawili, mahindi kidogo na chai. Nilimwita kogo, kama watu wa huku wanavyomwita nyanya yao, naye akanitazama kwa mshangao kidogo, kwa kuwa uso wangu na lafudhi yangu ni vya upande wa ziwa. Alinishika mkono akauweka muda mrefu kati ya mikono yake.

Chai yake ilishuka taratibu kuelekea mtoni, iliyotunzwa vizuri, meza yake, yaani uso wa juu unaochunwa, imenyooka kana kwamba mtu ameikata kwa uzi. Katikati palikuwa na doa la manjano. Ndani ya manjano hayo palikuwa na michai iliyokufa imesimama, majani yake yamekauka yakawa ya kahawia lakini hayakuanguka. Daktari alipiga magoti. Akafukua kwa panga mpaka chini ya shina, akabandua gome. Ndani yake palikuwa na utando mweupe, laini, kama karatasi iliyolowa. Alivunja kipande akanipa ninuse. Kilinuka uyoga.

"Kogo," Daktari akauliza, "kabla ya chai, hapa kulikuwa na nini?"

"Miti. Miti ya bwana yangu. Mingine aliikuta, mingine alipanda yeye."

"Na uliitoa namna gani?"

"Vile mlisema."

"Tulisema aje?"

Alipanda kwenda nyumbani, akarudi na mfuko wa mkate wa plastiki. Ndani yake alikuwa amehifadhi karatasi zetu, zimenyooshwa, zimepangwa. Alizipekua akatoa moja. Alisimama katikati ya ile michai iliyokufa, akaishika karatasi mbali na macho, akatusomea kwa sauti, polepole, akifuata kwa kidole. Baadaye aliniambia kwamba kusoma alijifunza utu uzima, katika madarasa ya gumbaru pale kanisani, na kwamba karatasi zetu na Biblia ndivyo alivyosomea. "Kata miti yote ya zamani," alisoma. "Ng'oa visiki. Kisha panda chai yako." Akaikunja. "Nilifanya hivyo. Niliita watu, wakakata yote, wakang'oa visiki yote. Hakuna kitu niliacha."

Daktari aliomba aione. Aliisoma yote, akaigeuza, akaisoma tena kutoka mwanzo. Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu neno "kata". Nilisimama na kamera mikononi, nikihisi baridi ikinipanda kutoka miguuni kana kwamba gambuti zangu zilikuwa zimeingia maji.

"Asante, kogo," Daktari akasema, akamrudishia. "Tutakuja tena."

Tulipopita Litein, Daktari akaniuliza.

"Ule mstari wa gome uko wapi?"

"Niliutoa."

"Kwa nini?"

"Haukuenea." Kisha, kwa sababu huo ulikuwa ukweli nusu, nikaongeza, "Na sikujua kuuandika."

Wachunaji walikuwa wakitoka mashambani, vikapu vimejaa mgongoni, na alipunguza mwendo kuwapisha.

"Saini ni yangu," akasema.

Ningependelea anigombeze.

Kesho yake tulikwenda kwa mkuu wa idara, mama mmoja hodari ambaye alikuwa ameipigania karatasi hiyo isifungwe kila mara bajeti ilipokatwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Toeni karatasi mpya yenye maelezo kamili," akasema. "Lakini sioni haja ya kutangaza kwamba tulikosea. Mkulima akisikia umemdanganya mara moja, hatakusoma tena. Mtaharibu kazi ya miaka."

"Na yule anayekata miti leo na ile ya zamani iko mkononi?" Daktari akauliza.

"Atasoma hii mpya."

"Atajuaje ipi ni ya kweli?"

Mkuu alirudi kwenye mafaili yake. Siku ya tatu aliniita peke yangu, akaniambia tuandike, na tuandike ukurasa wa kwanza, lakini kosa liwe la kituo, si la mtu. Niliandika asubuhi nzima ili nipate maneno machache: kwamba karatasi yetu iliwaambia wakulima wakate miti na kupanda chai, kwamba iliacha jambo moja kubwa, kwamba jambo lenyewe ni hili, kwamba kosa ni letu na tunaomba radhi. Ile sehemu ya gome niliiandika kwa kirefu, bila kutafuta neno zuri. "Chukua panga. Ondoa gome kuzunguka mti wote, upana wa kiganja, mpaka uone mti mweupe wa ndani. Usiukate. Uache usimame mpaka ufe." Ilikuwa rahisi hivyo. Ilikuwa rahisi tangu siku ile ya kwanza.

Karatasi ingefika senta mwisho wa mwezi. Nilimfikiria yule mama wa Kapkatet akiisoma pale bandani, mbele ya majirani waliopanga foleni na magunia yao ya majani. Sikuweza kula vizuri wiki hiyo. Mama yangu, ambaye baada ya kustaafu alihamia kwangu katika nyumba niliyopanga pale mjini, aliona sahani zikirudi jikoni zimejaa. Nikamweleza.

"Huyo mama anajua ni wewe uliandika?" akaniuliza.

"Hajui. Anajua ni kituo."

"Basi hajaambiwa bado," mama akasema, akaendelea kupanga vyombo.

Jumamosi nilikwenda Kapkatet peke yangu. Nilimkuta jikoni akisugua kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyogandishwa, kwa ufito uliochomwa, moshi umejaa hadi darini. Alifurahi kuniona. Alinikalisha, akaweka sufuria ya chai motoni, akaniuliza habari za Daktari na habari za mama yangu, ambaye hakuwa amewahi kumwona. Alinimiminia kikombe kikajaa hadi ukingoni. Nilikishika.

"Kogo, ile karatasi uliyotusomea, niliandika mimi."

Akaacha kusugua. "Wewe? Ni wewe unaandikanga?" Uso wake wote ukafunguka. "Sasa mbona hukusema ile siku? Unaandika vizuri. Mimi naelewa yote. Hizo za mbolea, hizo za kupogoa, yote naelewa. Wengine hapa wanasema ni ngumu, mimi nawaambia si ngumu."

Sijapata kusifiwa kazi yangu namna ile, wala kabla wala baadaye, na sijapata kutamani hivyo mtu anyamaze.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno mafupi ili nisipate pa kujificha: kwamba Daktari alikuwa ameandika jambo lingine, kwamba lilikuwa la muhimu kuliko yote, kwamba mimi nililitoa, na kwamba michai yake inakufa kwa sababu hiyo.

Moto ulipungua, hakuuchochea.

"Uliacha maneno mangapi?"

"Mstari mmoja."

"Ulikuwa unasema nini?"

Nikamweleza habari ya gome, nikimwonyesha kwa mikono yangu kuzunguka kikombe. Alinikatiza kabla sijamaliza.

"Unatoa ngozi ya mti hapa chini, unazungusha, unauacha ukauke ukisimama?"

"Ndiyo."

"Hiyo baba yangu alikuwa anafanya akitaka kulima wimbi la uji. Watu wote wa zamani walifanya hivyo. Sisi tunaijua hiyo." Alinitazama, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwani hukuuliza mtu?"

"Sikuuliza."

"Na uko hapa kwetu miaka yote?"

"Nimezaliwa hapa, kogo."

Aliinuka akaenda mlangoni, akasimama akinipa mgongo. Kutoka hapo aliweza kuliona doa la manjano kule chini. Alipoanza kusema, hakugeuka.

"Bwana yangu alisema hiyo miti isiguswe. Hata akiwa mgonjwa alisema. Alizikwa pale juu. Hiyo karatasi yenu ilipokuja nilienda pale kwa kaburi, nikamwambia, hawa watu wamesoma, wanasema ikatwe, chai itakuwa nyingi, watoto watapata. Nikakata. Miti yake yote nilikata."

Niliweka kikombe chini nikasimama. Nilisema pole, nikasikia jinsi neno hilo lilivyokuwa dogo.

"Enda," akasema. "Leo enda." Kisha akageuka akaona kikombe. "Kunywa hiyo chai kwanza. Halafu uende."

Nikainywa nikiwa nimesimama. Ilikuwa imepoa, imeshika utando wa maziwa juu. Nikamrudishia kikombe kwa mikono miwili, nikaondoka.

Karatasi ya marekebisho ilitoka. Wakulima wachache walipiga simu. Mmoja wa upande wa Kapsoit alisema yeye hakuwahi kuisoma ile ya kwanza, aliifungia sukari. Mwanamke mmoja alishukuru, alikuwa amekwisha kuchukua watu wa kukata miti. Lakini mzee mmoja aliuliza swali moja tu, kwa upole: "Na zile zingine mmetuletea miaka yote, hizo ziko sawa?" Nilimwambia nitamjibu. Niliweka simu chini. Kwa miezi iliyofuata, mimi na Daktari tulikaa kila Jumatano alasiri na mafaili, tukilinganisha karatasi zote nilizowahi kuandika na Kiingereza cha watafiti, mstari kwa mstari. Tulikuta makosa yangu madogo mawili, na moja ambalo lilikuwa la Daktari si langu. Yote tukayachapisha. Nilimpigia yule mzee nikamweleza. Alisema, "Sasa sawa," akakata simu.

Dawa ya ugonjwa ule si dawa ya chupa. Ni kung'oa. Unang'oa michai iliyokufa, na iliyo migonjwa, na ile mizima iliyopakana nayo, pamoja na mizizi yote, hata ule mwembamba kama penseli, na unachimba mtaro kuzunguka ili ugonjwa usivuke. Kila kilichotoka unakichoma hapo hapo. Kituo kiliwatoa vibarua wawili kwa siku chache. Kilichobaki kilikuwa cha mikono.

Jumamosi ya kwanza nilifika na gambuti na jembe la meno nililoazima. Sikuwa nimeitwa. Yule mama alikuwa shambani na wanawake watatu wa kanisa lake. Hakunisalimu. Alinyoosha kidole kwenye mstari ambao haukuwa na mtu, nikaingia hapo.

Mchai uliokomaa una mizizi kama mtu mkaidi. Unachimba, unavuta, unadhani umetoka, kumbe umekatika chini. Kufikia saa sita viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge. Katika shimo moja mzizi ulikatika, nami nilikuwa nimechoka, nikafunika udongo nikaenda shimo la pili. Baada ya muda nikasikia jembe nyuma yangu. Alikuwa ameingia katika shimo langu, anafukua. Alichimba mpaka akaupata ule mzizi uliobaki, akaung'oa, akaukung'uta udongo, akaja akauweka mkononi mwangu. Akarudi kwenye mstari wake.

Nilikwenda Jumamosi nyingi. Moshi wa mizizi mibichi ulituchoma macho, ukakaa katika nguo zangu hata baada ya kufuliwa, na mama akaniambia sasa nanuka kama mtu mwenye shamba. Kidogo kidogo kogo alianza kunisemesha. Kwanza ilikuwa amri: chimba hapa, lete pale. Kisha ikawa maswali. Siku moja, tukiwa tumekaa kandokando ya mtaro tukila viazi, alinitajia lile neno la Kikipsigis la kuchuna gome la mti. Ni neno fupi. Nililirudia vibaya, wale wanawake wa kanisa wakacheka, naye akanirudisha mara tatu mpaka likakaa.

Ni yeye aliyeanzisha jambo la simu. Alinipigia jioni moja akaniuliza karatasi ya mwezi ule inasema nini. Nikamsomea. Akaniacha nisome mpaka katikati, akasema, "Hapo sijaelewa." Nikamweleza. "Sasa mbona hukuandika hivyo ulivyosema?" Nikaandika hivyo. Tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyokwenda kwa mpiga chapa kabla sijamsomea yeye. Wakati mwingine alikuwa anakamua ng'ombe, nasikia maziwa yakigonga ndoo. Wakati mwingine alinikosoa mambo ambayo Daktari mwenyewe alilazimika kwenda kuyapima upya. Mkuu wa idara alipojua aliuliza huyo ni nani katika kituo. Daktari akamwambia ni msomaji.

Ile ardhi iliachwa ipumzike. Tulipanda nyasi ndefu za ng'ombe mle ndani, zikakua zikamzidi mtu urefu. Nje ya mtaro, chai ilibaki ya kijani. Kila tulipopita tulikagua, na kila mara niliogopa kuona jani la manjano. Mwaka wa pili upande mmoja michai mitatu ilishikwa, tukaing'oa siku hiyo hiyo. Baada ya hapo hakuna mwingine.

Hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe. Mimi pia sikuuliza. Kuna mambo ambayo ukiyauliza unamlazimisha mtu aseme uongo wa adabu.

Nyasi zilipong'olewa na udongo kupimwa, Daktari alikuwa amestaafu. Alikuja hata hivyo kutoka Kaplong, na kofia ya jua na fimbo, akatembea juu na chini ya kile kipande, akiinama hapa na pale kuponda udongo kwa vidole.

"Unaweza kupanda," akamwambia mwenye shamba. "Lakini si wote. Katikati hapa ningengoja."

"Katikati hapo sipandi chai tena," akajibu. "Hapo nitaweka miti."

Daktari alikipima kile kipande kwa macho. Kisha akasema, "Nitakuletea miche ya miti mimi mwenyewe. Nitachagua ile ambayo haibebi ugonjwa huu kirahisi."

Siku ya kupanda mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa. Miche ya chai ilikuwa imepangwa kivulini, katika mifuko yake myeusi, mingine ya miti ikiwa kando. Wale wanawake wa kanisa walikuwepo, Daktari alikuwepo, na mama yangu nilikuwa nimemleta, kwa sababu kogo alisema haiwezekani amsalimie miaka yote bila kumwona. Walikuwa wamekaa pamoja tangu asubuhi, wakizungumza Kiswahili chao cha shida, kila mmoja akiziba mapengo ya mwingine kwa mikono.

Kabla hatujaanza, alisema tuombe. Alivua kitambaa akakifunga upya, akafumba macho, akaomba kwa Kikipsigis. Aliomba kwa muda mrefu. Nilishika maneno machache: mvua, watoto, mume wake, aliyemtaja kama mtu aliye chumba cha pili. Sauti yake ilishuka sana mahali fulani, ikawa ya yeye na Mungu tu, na hapo sikusikia kama nimetajwa ama la. Wale wanawake waliitikia. Mama yangu, ambaye hakuelewa hata neno, aliitikia pia.

"Haya," kogo akasema, akifumbua macho. "Shimo liwe refu hivi." Akatuonyesha kwa mkono wake, kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. "Msinifanyie haraka."

Tulikuwa tumemaliza mistari miwili mvua ilipoanza, na hakuna aliyekimbia.